Wimbo Ndani ya Karte: Biashara ya Muziki Kasongo na Kabambare

Biashara ya muziki mjini Kasongo, katika jimbo la Maniema mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imekwisha kutoka kwenye duka la kaseti, lakini haijafika kwenye programu za kusikilizia muziki kwa intaneti. Imetua njiani, kwenye karte memwari: kile kipande chembamba kinachotiwa ndani ya simu au ndani ya redio ndogo ya Kichina. Anayetaka nyimbo mpya huenda kwa mwenye kompyuta, mara nyingi kijana mwenye kibanda cha kuchajia simu kwa umeme wa jua au wa jenereta. Humpa karte yake na noti chache za franka, akaketi kungoja, kisha akarudishiwa karte ikiwa na nyimbo mia na zaidi. Hakuna sahani, hakuna jalada, hakuna risiti, na katika malipo hayo hakuna hata franka moja inayomfikia aliyeimba.

Meza ya muuzaji huyo inaeleza mengi kuhusu soko lenyewe. Juu yake kuna kompyuta iliyokwisha kutumika ng'ambo, kifaa cha kusomea karte, nyaya za kuchajia zilizosokotana, na bafle linaloimba mchana kutwa kuita wateja. Ndani ya kompyuta nyimbo zimepangwa kwa folda zenye majina ya haja ya mteja kuliko majina ya wasanii: Rumba, Bongo, Kwaya, Kaswida, Ya Arusi, Ya Wazee. Mteja hachagui wimbo mmojammoja. Anataja aina na ukubwa wa karte, giga mbili, nne au nane, na muuzaji anajaza. Bei hufuata nafasi iliyojazwa. Rumba ya mkongwe Franco Luambo ya dakika kumi na tano na wimbo wa kijana wa mtaa wa pili hupimwa kwa kipimo kimoja, kama unga.

Faili lenyewe nalo lina safari yake. Linapotoka studio hubeba jina la mwimbaji na jina la wimbo. Likipita kwenye tovuti ya kupakulia nyimbo za bure, jina la tovuti hubandikwa mbele. Likitumwa kwa WhatsApp, mara nyingi jina lote hufutika na mahali pake huja herufi AUD, tarehe na namba. Likifika Kabambare, teritori jirani, limekuwa wimbo usio na mwenyewe: watu wanaucheza, wanaujua kwa kiitikio chake, na hawajui umeimbwa na nani. Ndiyo maana waimbaji wengi wa mashariki mwa Kongo hujitaja wenyewe katika sekunde za kwanza za wimbo, wakamtaja na mtengenezaji wa mdundo, na kwenye video wakaandika namba ya simu kwa herufi kubwa. Wageni huona ni majivuno. Kumbe ndiyo saini pekee ambayo mwenye kompyuta hawezi kuifuta.

Kabla ya karte kulikuwa na sahani ya santuri. Kampuni ya Ngoma ilianzishwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1948 na Mgiriki Nicolas Jéronimidis, na mwaka huohuo Wendo Kolosoy akairekodia "Marie-Louise", wimbo uliosikika Kongo nzima. Upande wa Kiswahili, mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda wa Katanga alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, na sahani zake zilizouzwa na kampuni ya Gallotone ya Afrika Kusini zikafika hadi Kenya. Kusini mwa Maniema hakukuwa na kampuni wala kiwanda. Kasongo, makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, katika karne ya 19 na mji uliobaki na Kiswahili na Uislamu wake, ulikuwa na ngoma zake, dufu zake na waimbaji wake wa arusini. Lakini katika biashara ya muziki uliorekodiwa nafasi yake ilikuwa moja tu: kununua. Sahani ilitoka Kinshasa, mji ulio zaidi ya kilomita 1,200 kwa mstari wa ndege, na reli ya Kindu kwenda Kongolo inapita magharibi mwa Lualaba ilhali Kasongo iko mashariki yake. Bei ya sahani ilibeba safari hiyo yote.

Hata hivyo mtindo wa sahani ulikuwa na faida moja ambayo haijarudi tena: ulihesabika. Kiwanda kilijua kimechapa ngapi, na mwenye duka alijua zimebaki ngapi. Mwanamuziki aliibiwa, na wengi waliibiwa, lakini kulikuwa na daftari la kugombania. Serikali ya Mobutu iliunda shirika la haki za watunzi, SONECA, mwaka 1969, na Franco Luambo mwenyewe aliwahi kuliongoza. Shirika kama hilo liliwezekana kwa sababu muziki ulipita kwenye milango michache inayojulikana, yaani redio ya taifa, kiwanda cha sahani na mabaa ya Kinshasa.

Kaseti ilivunja milango hiyo. Redio yenye matundu mawili ya kaseti ilitosha kunakili albamu nzima, na katika miaka ya 1980 na 1990 kaseti zilizonakiliwa ziliingia Maniema kupitia Bukavu, Kalemie na Bujumbura kwa bei ambayo kaseti halali ya Kinshasa haikuweza kuifikia. Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998. Barabara zikaota miti, treni ikasimama, na bidhaa za Kasongo zikaja kwa ndege ndogo au kwa baiskeli iliyosukumwa siku nyingi porini. Mfanyabiashara aliyesukuma baiskeli alichagua chumvi, sabuni na nguo kwanza. Kaseti chache zilizofika zilinakiliwa mpaka sauti ikachakaa. Mji huu ulijifunza kuishi na muziki wa nakala muda mrefu kabla ya neno intaneti kusikika sokoni, na kwa hiyo zama za dijitali hazikuleta tabia mpya hapa. Zilileta nakala isiyochakaa.

Chombo kilichokamilisha kazi hiyo ni simu ya bei nafuu. Simu za Tecno, Itel na Infinix, zote za kampuni moja ya Kichina, Transsion, zilitengenezwa kwa wateja wa Afrika: laini mbili, betri ya kudumu, spika yenye kelele na tundu la karte. Transsion ndiyo iliyo nyuma pia ya Boomplay, programu ya muziki iliyozinduliwa Nigeria mwaka 2015 na kuwekwa ndani ya simu hizo tangu kiwandani. Kwa maana hiyo duka la muziki la kisasa tayari liko mfukoni mwa watu wengi wa Kasongo. Wengi hawalifungui, kwa sababu mega ni ghali na mtandao hukatika, na wimbo mmoja wa kusikiliza moja kwa moja unaweza kumaliza kredi iliyokusudiwa kumpigia mama. Rafiki mwenye wimbo huutoa kwa Bluetooth, au kwa Xender inayotuma faili kutoka simu hadi simu bila mega hata moja. Kwa Kongo nzima watumiaji wa intaneti ni takriban robo ya watu, na umeme unawafikia takriban mtu mmoja kati ya watano. Vijijini, ambako ndiko sehemu kubwa ya teritori za Kasongo na Kabambare, wenye umeme ni wachache mno.

Upande wa kutengeneza muziki mabadiliko yamekuwa makubwa zaidi, na hapa pana sababu ya kushangilia. Zamani kijana wa Kasongo aliyetaka kurekodi alilazimika kusafiri, na aliyefanikiwa kusafiri mara nyingi hakurudi. Leo studio ni chumba chenye godoro ukutani la kuzuia mwangwi, kompyuta, maikrofoni moja na programu ya kutengenezea midundo, mara nyingi ya kunakiliwa nayo. Bendi ya watu kumi na wawili imekuwa kijana mmoja mwenye panya ya kompyuta. Wazee wanaolalamika kwamba gitaa limekufa wana haki kwa sehemu: gitaa la solo, roho ya rumba, halifanyiwi kazi chumbani kwa urahisi, na midundo mingi inayotoka kwenye vyumba hivyo inafanana. Lakini malalamiko hayo husahau kwamba bendi ya watu kumi na wawili haikuwahi kurekodi Kasongo.

Jambo la pili lililobadilika ni lugha ya soko. Kwa muda mrefu njia ya umaarufu nchini Kongo ilipita kwenye Kilingala cha Kinshasa, na mwimbaji wa Kiswahili alionekana wa mkoani. Bongo Fleva ya Tanzania ndiyo iliyogeuza hesabu hiyo, kwanza kwa kaseti na video, kisha kwa karte na YouTube. Msikilizaji wa Kasongo anaelewa kila neno la Dar es Salaam bila mkalimani, na Kinshasa yenyewe ililiona soko hilo. Mwaka 2019 Diamond Platnumz wa Tanzania aliimba na Fally Ipupa wa Kinshasa katika "Inama". Mwaka huohuo Innoss'B, kijana wa Goma aliyeshinda shindano la Vodacom Superstar akiwa bado mtoto, alitoa na Diamond toleo jipya la "Yope", ambalo limetazamwa YouTube zaidi ya mara milioni 100. Mwaka 2020 akaja Koffi Olomide katika "Waah!". Somo walilolipata vijana wa Maniema ni kwamba mtu anaweza kutoka mashariki, akaimba Kiswahili na Kilingala ndani ya ubeti mmoja, na asikilizwe Kigoma, Bujumbura na Brussels bila kwanza kupanga nyumba Kinshasa. Somo hilo ni la kweli, ila lina gharama ambazo video haionyeshi.

Gharama hizo zinaonekana ukifuata fedha. Duniani kote mapato ya muziki uliorekodiwa yalishuka tangu Napster, programu ya kugawana nyimbo, ilipotokea mwaka 1999, yakafika chini kabisa karibu mwaka 2014, kisha yakapanda kwa nguvu ya usikilizaji wa intaneti. Kwa hesabu za IFPI, shirikisho la kampuni za muziki, mwaka 2024 yalifika dola bilioni 29.6, na asilimia 69 ya fedha hizo zilitokana na usikilizaji wa intaneti. Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara ilipata takriban dola milioni 110, na karibu robo tatu yake ni ya Afrika Kusini peke yake. Kinachobaki kinagawanywa kwa Nigeria, Kenya, Ghana, Tanzania na nchi nyingine zote. Fungu la Maniema katika kinachobaki halihitaji kikokotoo.

Spotify, programu ya kusikilizia muziki kwa intaneti, iliingia Kongo mwaka 2021. Haina bei maalumu kwa kila wimbo unaosikilizwa. Fedha za matangazo na za waliojiandikisha hukusanywa katika chungu kimoja na kugawanywa kwa kadiri ya usikilizaji, na makadirio yanayotajwa kwa kawaida ni kati ya dola 0.003 na 0.005 kwa kila mara. Wimbo uliosikilizwa mara 100,000 huleta basi dola 300 hadi 500, kabla ya kukatwa fungu la msambazaji na la mwenye studio. Tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa mwaka haulipwi kitu. YouTube nayo, ili igawane na mtu fedha za matangazo, hudai wafuasi 1,000 na, kwa video za kawaida, saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na miwili, na kwa miaka mingi Kongo haikuwamo kwenye orodha ya nchi zinazokubaliwa katika mpango huo. Njia iliyotumiwa na wengi ni akaunti ya ndugu aliye Ulaya. Ndugu huyo anakuwa ndiye mwenye chaneli, ndiye anayepokea, na wakikosana ndiye anayebaki na nyimbo.

Lakini tatizo la msingi la Kasongo liko kabla ya hayo yote. Intaneti hulipa kile ilichokihesabu, na karte haihesabu. Wimbo ukichezwa mara elfu kwenye pikipiki zinazoenda Kabambare, ukachezwa kwenye arusi kumi na kwenye vibanda vyote vya soko, hakuna kompyuta yoyote duniani inayojua. Mwimbaji anaweza kujulikana na kila mtoto wa mji na akaonekana, kwenye takwimu za Spotify, mtu asiyesikilizwa na yeyote. Mashabiki wanaohesabika ni wale waliohamia mbali, wenye mtandao mzuri. Wale wa nyumbani, walio wengi na wanaompenda zaidi, thamani yao kwa programu hizo ni sifuri.

Wanamuziki wa Kongo walikwisha kutafuta dawa ya ugonjwa huu tangu enzi za kaseti, na dawa hiyo inaitwa libanga. Mtu mwenye fedha humlipa mwimbaji ili jina lake litajwe ndani ya wimbo: mfanyabiashara, mwanasiasa, mwanajeshi, Mkongo anayeishi Ulaya, mara nyingine kijana anayetaka tu mchumba wake asikie. Nyota wa Kinshasa kama Werrason, JB Mpiana na Koffi Olomide walijaza nyimbo zao majina, na bei kwa nyota wa daraja hilo huhesabiwa kwa mamia na maelfu ya dola. Pembeni yake kulikuwa na viwanda vya pombe, Bralima na Bracongo, vilivyogombania wanamuziki kama timu zinavyogombania washambuliaji. Wengi wanaidharau libanga wakiiona ni ombaomba lenye gitaa. Kiuchumi ina akili. Inalipwa kabla wimbo haujatoka, kwa hiyo haijali nani atanunua nakala, na aliyelipa ili jina lake lisikike hufurahi wimbo unaponakiliwa bure. Mwenye kompyuta, aliyekuwa mwizi kwenye biashara ya kaseti, kwenye biashara ya libanga ni mtangazaji asiyedai mshahara.

Kusini mwa Maniema libanga ina mteja wake maalumu: mwenye dhahabu. Eneo la Namoya na Salamabila, katika teritori ya Kabambare, limechimbwa dhahabu tangu enzi za Wabelgiji. Kampuni ya Kanada, Banro, ilianza kuzalisha hapo kibiashara Januari 2016, kisha kazi ikavurugwa na mashambulizi na mgogoro na wachimbaji wadogo. Kampuni zikija na kuondoka, wachimbaji wadogo hubaki, na penye dhahabu pana fedha taslimu, pana baa, na pana watu wanaotaka kutajwa. Mnunuzi wa dhahabu akitajwa kwa heshima ya "mukubwa" ndani ya wimbo unaozunguka kwenye mashimo, jina hilo ni tangazo la biashara yake. Na siku hizi hahitaji kukutana na mwimbaji. M-Pesa imekuwako Kongo tangu mwaka 2012, Airtel na Orange zina huduma zao, na libanga inaweza kulipwa kwa simu kutoka machimboni.

Ubaya wake nao usifichwe. Wimbo unaolipwa na majina huanza kuandikwa kwa ajili ya majina. Mapenzi, msiba, barabara mbovu, mtoto aliyechukuliwa na kundi la silaha, vyote hupata ubeti mmoja mfupi, halafu inaanza orodha. Na mwimbaji aliyelipwa na mwenye dhahabu hataimba habari za ajira ya watoto machimboni. Hali hiyo huwa mbaya zaidi wakati wa uchaguzi, kama ilivyokuwa Desemba 2018 na Desemba 2023, pale wagombea wanapokuwa wanunuzi wakubwa wa muziki na kila studio inageuka karakana ya kampeni.

Mapato mengine ni ya mkononi: arusi, sherehe za kumaliza masomo, ufunguzi wa duka, nyimbo za uhamasishaji zinazoagizwa na mashirika ya afya, maonyesho kwenye baa. Kwa mwimbaji wa kawaida wa Kasongo hii ndiyo kazi hasa, na rekodi ni kadi ya kujitambulisha. Mtu husikia wimbo kwenye karte, akaipenda sauti, akapiga namba iliyotajwa, wakaelewana bei ya Jumamosi. Wimbo hauuzwi, unamuuza mwimbaji. Redio za jamii husaidia kwa kuwa mtangazaji hutaja jina ambalo karte imelifuta, ingawa huko nako mwimbaji mara nyingi ndiye anayetoa kitu kidogo ili apigwe.

Kwaya na kaswida zina hesabu nyingine. Kwaya ya parokia au kikundi cha madrasa hakikasiriki kunakiliwa. Kunakiliwa ndiko kuhubiri. Msimu wa Maulidi kaswida za Kasongo huchanganyika kwenye karte moja na za Zanzibar na Tanga, nazo kwaya za Bukavu na Lubumbashi huchanganyika na zile za Kigali zinazoimba Kiswahili. Gharama hulipwa na waumini kwa michango. Ni sehemu ya muziki iliyoingia zama za dijitali bila kilio kikubwa, pengine kwa sababu haikuwahi kutegemea mauzo.

Mfano mmoja wa jinsi intaneti inavyoweza kufufua fedha zilizolala una jina la mji huu kwa bahati tu. Wimbo "Kasongo" wa Orchestra Super Mazembe ulirekodiwa Nairobi katika miaka ya 1970 na wanamuziki waliotoka Kongo, wa bendi iliyozaliwa huko kwa jina la Super Vox. Kasongo anayetajwa ni mtu. Mwishoni mwa mwaka 2024 na mwanzoni mwa 2025 vijana wa Kenya waliuokota kwenye TikTok, wakaugeuza kuwa jina la utani la Rais William Ruto, na wimbo wa zaidi ya miaka arobaini ukarudi kupigwa kila mahali.  Lakini fedha za wimbo wa namna hiyo humwendea anayeshika haki za rekodi, na katika mikataba mingi ya zama zile mpiga gitaa na mwimbaji walilipwa siku ya studio na kwenda nyumbani. Wimbo unaweza kufufuka bila kumfufulia mwimbaji chochote, ikiwa karatasi za mwanzo hazikumtaja.

Karatasi hizo nchini Kongo zinasimama juu ya sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za watunzi, iliyoandikwa wakati wa kaseti. SONECA ilikwisha kuporomoka, na mwaka 2011 mahali pake pakachukuliwa na SOCODA. Malalamiko ya wanamuziki dhidi ya usimamizi wa haki zao yamekuwa ya mara kwa mara, na hata watu wenye majina Kinshasa hulalamika kwamba mgawo hauonekani. Rumba ya Kongo ilipoingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2021, shangwe zilikuwa kubwa, lakini heshima hiyo haikuja na daftari la malipo.

Hata hivyo iko hatua ambayo ingefaa Kasongo kuliko programu zote za kusikilizia muziki, na si ngeni duniani: tozo juu ya vyombo vya kunakilia. Ujerumani ilianza nayo mwaka 1965, wakati wa vinasa sauti, na Ufaransa ikafuata mwaka 1985. Mnunuzi wa chombo kinachoweza kuhifadhi muziki hulipa kiasi kidogo ndani ya bei, na fedha hizo hugawiwa watunzi. Tanzania nayo imeingiza tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya namna hiyo. Ubora wake kwa mahali kama Kasongo ni kwamba haihitaji kuhesabu kila wimbo unapochezwa. Karte zote zinaingia nchini kwa njia ya forodha, au zinapaswa kuingia hivyo, na forodha ni mlango mmoja badala ya vibanda elfu. Kumfukuza mwenye kompyuta, jambo linalopendekezwa kila mara wanamuziki wanapokutana na wakubwa, ni kumwadhibu mtu aliye mnyonge kama mwimbaji mwenyewe, na kesho yake Xender itaendelea kufanya kazi.

Ugumu wa tozo uko kwenye kugawa. Fedha zikikusanywa bandarini Matadi au kwenye mpaka wa Kasumbalesa na kugawiwa kwa kufuata muziki unaopigwa na redio za Kinshasa, Maniema itakuwa imelipa karte ili kuwatajirisha wengine. Mgawo wa haki ungehitaji kuangalia kilichomo ndani ya kompyuta za vibanda vya mikoani, kazi inayowezekana: sampuli ya folda za vibanda vichache kwa kila jimbo mara moja kwa mwaka ingeonyesha watu wanasikiliza nini kwa uhakika zaidi kuliko orodha za Spotify kwa nchi hii.

Mtandao wenyewe utaboreka. Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ilitangaza kuipa Starlink leseni baada ya kuipiga marufuku mwaka uliotangulia, na intaneti ya setelaiti haingoji barabara ya Kindu itengenezwe. Lakini bei ya chombo chake ni ya shirika, parokia au mnunuzi wa dhahabu. Kinachoweza kutokea kwanza ni kwamba mwenye kompyuta atajaza folda zake upesi zaidi, bila kungoja mtu aje na diski kutoka Bukavu, safari ambayo imekuwa na mashaka mengine tangu kundi la waasi la M23 lilipoishika miji ya Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025. Karte haitaondoka hivi karibuni.

Kwa hiyo kazi ya mwanamuziki wa Kasongo na Kabambare inaanza kabla wimbo haujafika kibandani. Faili la wimbo lina sehemu ya ndani ya kuandikia jina la mwimbaji, mtunzi, mwaka na simu. WhatsApp ikibadilisha jina la nje, maandishi hayo ya ndani kwa kawaida hubaki, na mtengenezaji wa mdundo anaweza kuyaweka kwa dakika moja. Mwimbaji, mtunzi na mwenye studio waandikiane karatasi inayosema nani ana fungu gani, waitie saini, na wimbo uandikishwe SOCODA kwa jina la mtunzi mwenyewe, si la ndugu aliye Ulaya. Bila hayo, hata siku tozo itakapopita bungeni na fedha zikawepo, hakutakuwa na jina la kuandika kwenye orodha ya malipo.